Maji ya Pipa la Datsun

Kibiti,
9 Januari 1993

Mjomba Mfaume,

Maji ya pipa niliyabadilisha mimi. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si ndugu yangu Mwanajuma, na hata kwenye dua zangu nimekuwa nikilizunguka jambo hili bila kulitaja. Wewe ndiye wa kwanza.

Shikamoo. Najua salamu ndiyo hutangulia, lakini nimeianza barua hii mara tatu kwa salamu, na mara zote tatu nikaishia kwenye salamu.

Unalikumbuka pipa la bluu lililo chini ya mchirizi wa bati, nyuma ya banda la Datsun. Masika Baba hulijaza maji ya mvua, hulifunika kwa bati na jiwe, na hakuna anayeruhusiwa kuchota hata ya kunawa. Husema hedi ya injini ile ni alumini, na chumvi huila alumini kama mchwa anavyokula mlango. Watu hucheka kwamba kwa Mzee Huseni gari linakunywa maji matamu na watoto wanakunywa ya kisimani.

Ilikuwa Agosti 1991, siku aliyotolewa mwali Mwanajuma. Baba alikuwa amekwenda Mtawanya. Walikuja wanawake sita na ndoo zao, na mbele yao Bi Mwanawetu, somo wake Mwanajuma. Akaniambia, "Mwanangu, maji ya kisima cha bondeni sabuni haitoi povu. Tumtoe mwali na ngozi ya kenge?" Mwingine akasema, "Mwacheni. Maji hayo ni ya mke mdogo wa Huseni, yule wa magurudumu manne." Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya banda. Neno "hapana" lilifika kooni, nililisikia kabisa lilivyokaa. Badala ya kulitoa, niliondoa jiwe.

Walipokwenda zao pipa lilikuwa limebaki tope la chini. Nilikwenda bondeni safari kumi na moja na ndoo kichwani, nikalijaza mpaka kwenye alama nyekundu aliyoipaka Baba, nikarudisha bati na jiwe. Jioni alilitazama, akaridhika. Wiki iliyofuata alimwaga maji ya zamani ya rejeta akatia yale.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Wewe ulikuwa umeshaweka gasketi mpya ya hedi mwezi mmoja kabla ya maji yale. Machi mwaka jana gari likachemka njiani karibu na Mahege, mafuta ya injini yakawa kama chai ya maziwa. Ulipofungua hedi nilikuwa nakuletea uji. Niliuona ule weupe kwenye matundu ya maji. Niliweka bakuli chini nikaondoka, na tangu saa ile nilijua. Ijumaa yake Baba akasimama kwenye ua wa msikiti akawaambia watu kwamba umemwekea gasketi bandia, ile halisi umeiuza. Ukaapa kwamba ni halisi, na baada ya hapo hakuna aliyekuletea hata baiskeli. Ukahamia Nyamisati kwenye mashine za boti. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

Sasa nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado, nipo nyumbani. Baba anasema mwezi ujao injini uliyoifunga ukaondoka ataifungua mwenyewe, na mimi ndiye nitakayempa spana. Mama kila akisikia lori la boriti la Haruni hutoka barabarani kuuliza habari zako. Anataka uje kwenye Idi, mwaka wa pili sasa hajala Idi na ndugu yake. Baba anasema mguu wako hautakanyaga uani akiwa hai.

Nataka kumwambia. Mbele yake maneno hunikimbia, wewe unanijua. Nifundishe nianze na lipi.

Mpwa wako,
Hafsa Huseni


Nyamisati,
23 Januari 1993

Mpwa wangu Hafsa,

Marahaba. Haruni alinikabidhi barua yako mbele ya wapakiaji wote, akisema, "Mzee, mchumba huyo." Nikamwambia mchumba gani anaandika mistari iliyonyooka namna hii. Hata hivyo nilikwenda kuisomea nyuma ya mashine, na nilifanya vyema.

Mama yangu, mimi nilijua kuwa ni maji. Siku ile ulipoondoka na kuacha uji, nilichota weupe ule kwa kidole nikaonja. Chumvi ya bondeni ninaijua, nimekua nikioga nayo. Nilichokosea ni mtu. Nilidhani ni Huseni mwenyewe, kwamba kiangazi kilimbana akachota kisimani akanyamaza. Mtu aliyetusimanga miaka kumi na tano kwa maji ya mvua, nitamwambiaje mbele ya majirani kwamba ameliua gari kwa ndoo yake? Nikaona nimfichie. Nikasema, "Gasketi imekufa, shemeji." Basi. Ulimi wangu ndio uliomwonyesha pa kunipiga.

Ungeishia hapo ningekuwa mtu mwema sana, sivyo? Soma na hili, nalo usimwambie mtu.

Gasketi ile kweli ilikuwa bandia. Halisi sikuiuza, kwa kuwa halisi sikuipata. Zamani, maduka yalipokuwa matupu, tulikuwa tukikata gasketi kwa mkasi kwenye karatasi ngumu, na kila mtu alijua ni karatasi, hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kisha mambo yakafunguliwa, Kariakoo ikajaa vitu, kila kitu kina boksi lake la rangi. Nilizunguka siku mbili kutafuta gasketi ya gari la mwaka 1971, na ya aina hiyo nchini sijui yamebaki mangapi. Duka la mwisho wakanitolea boksi. Herufi zake zilikuwa zimepinda. Niliikunja kidogo pembeni, ikalia kama kadibodi. Nilijua palepale, Hafsa. Lakini nilikuwa nimeshamwambia baba yako, "Mimi sirudi Kibiti bila gasketi," na nilitaka kurudi kama mtu aliyepata.

Kwa hiyo nilipoapa kwenye ua wa msikiti kwamba ni halisi, niliapa uongo. Kipi kiliua injini, maji yako au gasketi yangu, hata fundi wa huko ilikotengenezwa hatakuambia.

Sasa fikiri. Ukimwambia lako, Huseni atapanda lori aje huku kuniomba radhi. Namjua, ana hasira lakini hana kiburi cha kukaa na kosa. Nami nitampa mkono gani? Tafadhali nyamaza. Niache na mashine za boti, zenyewe hazijui nilikotoka.

Msalimie mama yako Biasha. Mwambie dada yangu kwamba Idi ya huku ina kamba wakubwa.

Mjomba wako,
Mfaume


Kibiti,
12 Februari 1993

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii imetangulia.

Barua yako niliisoma chooni, pahali pekee penye komeo. Nilikuwa nimekuweka juu sana kwa mwaka mzima, kila nilipokula nilikuwa nakula huku nakuona umeonewa. Umeonewa bado. Lakini sasa nikikufikiria nakuona unaikunja ile gasketi pembeni, mara moja, kisha unairudisha kwenye boksi.

Jana Baba alifungua hedi. Alikuwa ananipa boliti moja moja, nami nazichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokitoboa matundu kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Akatazama boksi langu, akasema, "Umemwibia Mfaume akili." Ni mara ya kwanza kulitaja jina lako tangu mwaka jana. Nilifurahi kwa muda wa boliti mbili.

Aliinua hedi. Matundu ya maji yameliwa kingo zake kama mkate uliogugunwa na panya. Alilowesha kidole akaonja, kama ulivyofanya wewe. Akakaa juu ya tairi.

"Chumvi," akasema.

"Naam, Baba."

"Hafsa, kuna mtu aliwahi kuligusa pipa langu?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pangu, Mjomba. Mlango alinifungulia mwenyewe. Nilikuwa nimeshika lile boksi la boliti kwa mikono miwili, na nilitikisa kichwa. Hakuniuliza tena. Watu wakiwa na mtoto asiyesema sana, huzoea kukiamini kichwa chake.

Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Kisha akasema, si kwangu, kama anaiambia hedi, "Basi ni mimi." Nilimuuliza lini. Akasema mwaka juzi, alipompeleka Mama mazishini huko Nyamisati, wakati wa kurudi aliongeza maji ya kisima cha pale bandarini, dumu moja. "Nilisema moja tu halina dhara." Mjomba, Mama anasema dumu lenyewe lilikuwa la lita tano, na nusu yake ilimwagika. Mimi nilikwenda bondeni safari kumi na moja.

Uliniambia ninyamaze na nimenyamaza, lakini sitaki udhani nimekutii. Niliogopa tu.

Sasa anataka kuinyoosha hedi mwenyewe na kuyaziba yale matundu. Mikono inatetemeka na vya karibu havioni, sindano Mama ndiye anayemtungia. Niandikie namna ya kufanya, nitasema nimesoma kwenye kitabu cha fizikia. Atakubali, anaheshimu sana vitabu.

Hafsa


Nyamisati,
19 Februari 1993

Hafsa,

Kwa ufupi, Haruni anawahi kabla mvua haijaharibu njia.

Tafuta kioo kinene, kile cha juu ya meza ya Mwinyimvua muuza duka, akuazime. Kiweke sakafuni, tandaza juu yake msasa wa maji, lowesha. Chora mistari ya penseli uso mzima wa hedi, uilaze juu ya msasa, isukume taratibu kwa duara. Usiikandamize. Igeuze uitazame. Penseli ikifutika kote kwa pamoja, imenyooka. Ikibaki sehemu, endelea. Ni kazi ya siku tatu kwa mtu mwenye subira, na ya dakika kumi kwa mtu anayetaka kuiharibu.

Matundu yaliyoliwa yazibwe kwa gundi ya chuma, ile ya mirija miwili, ikauke siku nzima, kisha isuguliwe hapohapo kwenye kioo. Wakati wa kukaza boliti, anzia katikati mwende nje, kwa zamu tatu, kidogo kidogo. Huseni anajua. Lakini akiwa na hasira huanzia popote, kwa hiyo simama karibu uhesabu kwa sauti.

Haruni atakupa kitu kimefungwa katikati ya mbao mbili nyembamba. Kishike kama unavyoshika msahafu. Ni gasketi. Tangu siku niliyoondoka Kibiti nimekuwa nikimsumbua kila baharia aendaye Mafia na Unguja. Mwezi wa Desemba mmoja akaniletea. Hii nimeikunja pembeni, haikulia. Nilikuwa nimeiweka chini ya godoro, sijui nilikuwa nangoja nini.

Sema imetoka kwa Haruni.

Mengine uliyoandika nimeyasoma mara mbili. Uliyasema vizuri, nami nimeyabeba.

Mfaume


Kibiti,
14 Machi 1993

Kwa shemeji Mfaume,

Anayeandika ni Hafsa, maneno ni yangu mimi Huseni. Nimemwambia aandike kila ninachosema asipambe, na atakusomea Haruni kama na wewe macho yamekwisha.

Assalaam aleikum. Tumefunga, joto kali, koo kavu, kwa hiyo sitasema sana.

Injini imewaka. Jumanne, kwa mara ya tatu ya kupiga stata. Tumeinyoosha hedi juu ya kioo, mimi na binti yangu, siku nne. Alikuwa akihesabu boliti kwa sauti kama anaendesha darasa. Sijui hesabu hiyo kaitoa kitabu gani, maana nijuavyo mimi anayehesabu hivyo Tanzania hii ni mtu mmoja. Na gasketi aliyoleta Haruni ilifungwa kwa uzi wa nyavu, fundo la kupitisha mara mbili chini. Shemeji, fundo lile nimelikata kwenye vifurushi vyako miaka kumi na tano. Usidhani nimekuwa mjinga kwa sababu nimekuwa mzee.

Masikio nayo yamepungua. Unakumbuka tulivyokuwa tunasawazisha kabureta mbili, unaweka ncha ya mpira kwenye mdomo wa kabureta na ncha nyingine sikioni, unasikiliza zinavyovuta hewa, hii na ile, mpaka zivute sawa. Niliweka mpira sikioni nikasikia kama bahari tu. Nikampa Hafsa. Mtoto huyu asiyesema, shemeji, anasikia. Ananiambia, "Ya mbele inavuta kidogo kuliko ya nyuma, Baba." Nageuza skrubu robo. "Bado." Nageuza tena. "Hapo." Hilo usiliandike, Hafsa, utavimba kichwa. Kaandika. Haya.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Niliona chumvi ndani ya hedi. Ni mkono wangu. Niliongeza maji ya kisima huko Nyamisati siku ya mazishi nikasahau, kisha nikasimama mbele ya watu nikakuita wewe mwizi. Wewe ukaapa, na mimi nikakiita kiapo chako uongo. Kitu hicho kinanikaa hapa kifuani kila nikitia udhu.

Ijumaa iliyopita nimesimama palepale kwenye ua wa msikiti. Nimewaambia watu maji ya chumvi nilitia mimi, na Mfaume aliapa kweli. Mwinyimvua akacheka akasema, "Kumbe mchawi wa gari ni baba yake." Acha acheke, kioo chake ndicho nilichotumia.

Nakuomba radhi. Idi njoo ule na dada yako. Uani ni kwako. Gari nitalileta mpaka njia panda nikuchukue, lakini rejeta nitaijaza huku huku nyumbani.

Shemeji yako,
Huseni
(kwa mkono wa Hafsa)


Kibiti,
15 Machi 1993

Mjomba,

Barua ya Baba na hii zinakuja kwa Haruni siku moja, lakini hii nimemwambia aiweke mfuko wa shati. Soma ile kwanza. Kama umeshasoma, basi unajua nilikuwa nimeketi wapi.

Tulikuwa barazani baada ya alasiri. Nilipofika kwenye "ni mkono wangu," nilisimamisha kalamu. Baba akasema, "Andika." Nikasema wino umekauka. Akanipa kalamu nyingine, ilikuwa mfukoni mwake tayari. Nikaandika. Ukitazama mstari ule utaona umeshuka chini kidogo, ndio mstari pekee uliopinda katika barua zote nilizokuandikia.

Ijumaa ile sikuwepo msikitini, lakini mchana nilipokwenda kurudisha kioo, Mwinyimvua alinitania mbele ya wateja, "Mwambie baba yako nina na chumvi ya mawe, akitaka kubadilisha ladha." Watu wakacheka. Bi Mwanawetu alikuwepo, ananunua sukari ya futari. Mjomba, yeye anajua maji yalikwenda wapi. Alinitazama. Nadhani alikuwa akikumbuka ndoo zake. Alilipa sukari yake, nami nikakabidhi kioo, tukaachana hivyo kila mtu na kifurushi chake.

Ningeweza kumwambia Baba Jumanne, injini ilipowaka. Alikuwa na furaha ambayo ingebeba jambo lolote. Nilikuwa na mpira sikioni, nasikiliza kabureta, na nilisema moyoni kwamba zikishavuta sawa nitasema. Zikavuta sawa. Nikamwambia, "Hapo, Baba," na hilo tu ndilo neno la kweli nililomwambia juu ya gari hili tangu mwaka juzi. Alizima injini akanipiga bega kwa mkono wenye grisi. Alama ipo kwenye gauni mpaka leo, sabuni imeshindwa.

Sasa nimechelewa. Nikisema leo, atasimama kwenye ule ua mara ya tatu, na safari hii jina atakalolitaja ni langu, na watakaocheka watacheka kwamba mzee hajui hata kosa lake liko wapi. Tena amelala vizuri tangu Ijumaa. Mama anasema hajakoroma hivyo tangu ulipoondoka. Amepata radhi kwa kosa ambalo si lake, na sijui namna ya kumnyang'anya radhi mtu.

Njoo, Mjomba. Najua mkono wako unaogopa mkono wake. Njoo hivyohivyo. Atakusubiri njia panda siku ya Idi, amevaa kanzu na kofia mpya, na atataka usikilize injini kabla hujamsalimia mtu. Akisema "nisamehe," mpokee. La kiapo chako ni lako, utajua mwenyewe. Langu nimekuachia wewe nusu, na samahani kwa hilo, maana sikuwa na pengine pa kuliweka.

Jambo la mwisho. Jana alilisafisha pipa, akalisugua ndani kwa mchanga, akapaka alama nyekundu upya. Mawingu yameanza, masika haiko mbali. Akanipa kufuli dogo na ufunguo wake, kwa sababu ameweka kifuniko cha mbao chenye komeo badala ya lile jiwe. Alisema, "Kuanzia sasa pipa ni lako. Mimi siaminiki tena." Alicheka aliposema. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga, na ninapoandika unanigusa goti.

Hiki ninachokuandikia usimwonyeshe mtu, wala usimwambie Mama mkiwa mnapiga soga za Idi, wala usinitazame kwa huruma mezani, Baba ataona. Barua hii ichome kwenye jiko la karakana yako, na zile za Januari na Februari pamoja nayo. Ya Baba itunze.

Hafsa